Gofu siyo dabi: Somo la Gymkhana ya Moro kwa shabiki wa mkeka

ALHAMISI asubuhi mechi za wikiendi zinakuwa bado hazijaiva. Kwenye vijiwe vya Msamvu, Kihonda na Mji Mpya mjini Morogoro, shabiki anayefungua simu kutafuta kitu cha kubeti anakutana na mchezo ambao hajawahi kuucheza: gofu. Majina yapata 150, kila jina na odi yake. Odi 15, odi 40, odi 200. Kwa mtu aliyezoea kuiona Yanga kwa odi 1.25 dhidi ya timu iliyopanda daraja juzi, namba hizo zinafanana na sadaka.

Hapo mkeka unaanza kusukwa. Jina maarufu hapa, jina maarufu pale, changanya na Arsenal ya Jumamosi, dau buku mbili, tusubiri. Jumapili usiku mkeka umechanika, na aliyeuchana ni jamaa ambaye kijiwe kizima hakiwezi hata kulitamka jina lake.

Iko hivi. Shabiki huyo hakupigwa kwa sababu haijui gofu. Amepigwa kwa sababu amechukua akili ya mpira wa miguu akaipeleka kwenye mchezo ambao hata namba moja wa dunia hushindwa wiki nyingi kuliko anazoshinda. Na mtu wa Moro hana haja ya kujifunza hilo kwa hasara, maana kiwanja cha gofu anacho: Morogoro Gymkhana, kilichotulia miguuni mwa Milima ya Uluguru. Wanaobeti gofu bila kujua uwanja unavyoamua matokeo wangeanzia hapo.

MISIMU MINANE, MABINGWA WAWILI

Tofauti inaanzia nyumbani. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, ubingwa wa Ligi Kuu Bara ulikwenda kwa timu mbili tu. Simba ilichukua mara nne mfululizo, kisha Yanga nayo ikachukua mara nne mfululizo. Wazee wa Turiani watakukumbusha kwamba Mtibwa Sugar ilibeba kombe 1999 na 2000, na wakongwe wa mjini watakutajia Reli, 'Kiboko ya Vigogo'. Ni kweli, lakini hayo ni ya enzi nyingine. Kwenye mpira wa leo, ukisema bingwa ni Simba au Yanga, mara nyingi umepatia.

Sasa chukua Kenya Open, shindano kubwa la gofu lililo jirani ambalo kampuni za kubeti hulipangia odi. Lilianza mwaka 1967, na mwaka 2019 likaingia kwenye ziara kuu ya Ulaya, ambayo sasa inaitwa DP World Tour. Tangu hapo hadi 2025 limechezwa mara sita, kwani 2020 halikuchezwa. Mabingwa ni hawa: Guido Migliozzi wa Italia (2019), Justin Harding wa Afrika Kusini (2021), Ashun Wu wa China (2022), Jorge Campillo wa Hispania (2023), Darius van Driel wa Uholanzi (2024) na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini (2025).

Mara sita, mabingwa sita, nchi tano. Na kwa watatu kati yao, Migliozzi, Van Driel na Kruyswijk, hilo lilikuwa taji la kwanza kabisa kwenye ziara hiyo. Yaani nusu ya mabingwa walikuwa watu ambao wiki moja kabla hawakuwa na kombe lolote la ngazi hiyo kabatini.

Hakuna uchawi hapo. Kwenye mpira una mpinzani mmoja, na unaweza kumzuia. Unaweza kukaba, kupoteza muda, kupaki basi na kuondoka na pointi moja. Kwenye gofu una wapinzani 150 na huwezi kumgusa hata mmoja. Ukicheza vizuri siku zote nne na kuna mtu shimo la pili kutoka kwako anacheza vizuri zaidi, huna la kufanya. Unapiga mpira wako, unasubiri hesabu.

ODI NI ASILIMIA

Wengi kijiweni wanaisoma odi kama zawadi: nikiweka 1,000 kwenye odi 15 napata 15,000. Mchambuzi wa gofu anaisoma kinyume. Anagawa 100 kwa odi na kupata asilimia. Odi 5 ni asilimia 20. Odi 15 ni karibu asilimia 7. Odi 200 ni nusu ya asilimia moja. Swali lake linakuwa moja tu: huyu mtu kweli ana nafasi kubwa kuliko hiyo?

Hapo ndipo majina makubwa yanapowaumiza watu. Tiger Woods ana mataji 82 ya PGA Tour, rekodi anayoshirikiana na Sam Snead. Hata hivyo, ukihesabu mashindano yote ya ziara hiyo aliyoingia, alishinda chini ya robo. Scottie Scheffler mwaka 2024 alishinda mara saba kwenye PGA Tour na akaongeza medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris, mwaka ambao watu watausimulia kwa muda mrefu. Hata mwaka huo, wiki alizoondoka bila kombe zilikuwa nyingi kuliko alizobeba.

Sasa fanya hesabu ya mkeka. Chukua vinara watatu kwenye mashindano matatu tofauti, na uwe mkarimu, umpe kila mmoja asilimia 20. Nafasi ya wote watatu kushinda ni 8 kati ya 1,000. Huo siyo mkeka wa mechi tatu za 'direct'. Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa jezi ya uchambuzi.

Kuna jingine ambalo kampuni haiandiki kwenye tangazo. Kwenye mechi ya mpira yenye odi 1.80, sare 3.40 na 4.50, ukibadilisha zote kuwa asilimia na kuzijumlisha unapata kama 107. Hizo saba za juu ndizo sehemu ya nyumba. Kwenye orodha ya washindi wa gofu yenye majina 150, kila jina limepunguzwa kidogo, na jumla inaweza kupita 130. Maana yake shabiki anaingia uwanjani akiwa ameshafungwa bao kabla ya filimbi. Juu ya hapo kuna kodi ya serikali inayokatwa kwenye ushindi. Anayebeti gofu bila kujua hilo anapambana na timu mbili kwa wakati mmoja.

MLIMA UNAVYODANGANYA MACHO

Kwenye mpira, uwanja ni uwanja. Jamhuri na Benjamin Mkapa zina nyasi tofauti na mashabiki tofauti, lakini goli ni lilelile. Kwenye gofu hakuna viwanja viwili vinavyofanana, na ndiyo maana uchambuzi wowote wa maana huanza na kiwanja kabla ya mchezaji.

Tazama Gymkhana ya Moro. Mji upo mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyuma yake Uluguru inapanda hadi kupita mita 2,600 kwenye kilele cha Kimhandu, na Bondwa, ule wenye minara juu, unaonekana kama umeuinamia mji. Kwa mtalii hiyo ni picha nzuri. Kwa mchezaji ni mtego.

Mtego wa kwanza upo kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi kama zulia penye shimo. Hapo mchezaji anausukuma mpira taratibu, na lazima asome mteremko. Wacheza gofu duniani kote wana usemi kwamba mpira hukimbia mlima. Sababu ni macho. Ukiwa na mlima mkubwa nyuma yako, jicho linashindwa kupima ardhi ya karibu. Eneo linaloonekana tambarare linakuwa na mteremko, na lile linaloonekana kupanda kumbe linashuka. Mgeni anausukuma mpira akiamini utanyooka, unakata kona. Mwenyeji aliyekulia pale anajua, kwa sababu ameshakosea mara mia.

Mtego wa pili ni hali ya hewa. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi yanagonga Uluguru kwanza upande wa mashariki, ndiyo maana Kinole na Matombo wanapata mvua nyingi kuliko upande wa mji. Lakini mlima hauna adabu: asubuhi kweupe, alasiri wingu limeshuka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ardhi inalowa na mpira unadondoka na kusimama palepale. Kiangazi ardhi inakuwa ngumu, mpira ukitua unabingirika mbali. Mchezaji mwenye nguvu anapenda kimoja, mwenye akili ya kuupanga mpira anapenda kingine. Kiwanja kimoja, miezi miwili tofauti, ni kama mechi mbili tofauti.

Ziara ya Lina PG, iliyoanzishwa mwaka 2024 kumuenzi mcheza gofu Lina Nkya, imekuwa ikizungusha wachezaji wa kulipwa wa Tanzania kwenye viwanja vya nchi, Morogoro ikiwamo. Wanaoufuatilia mchezo huu wanayajua majina ya Nuru Mollel, Fadhil Nkya na Hassan Kadio. Shabiki anayetaka kujua kiwanja kinavyobadili matokeo hahitaji kwenda Marekani. Awaangalie watu kama hao wanavyotoka kwenye viwanja vya joto na upepo wa bahari kule Dar, wakaja Moro kwenye mlima, wakapanda Arusha kwenye hewa nyepesi. Mchezaji ni yuleyule, kadi ya mikwaju inabadilika.

MUTHAIGA: MFANO ULIOKO KWENYE SIMU

Somo hilohilo ulihamishie Nairobi. Muthaiga, uliopokea Kenya Open kuanzia 2022 hadi 2025, upo juu ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Fimbo inayomfikisha mchezaji mita 150 akiwa pwani inaweza kumvusha hadi 160 huko juu. Mita 10 kwenye gofu ni tofauti kati ya kutua grini na kutua kwenye mtego wa mchanga.

Sasa nani amezoea hewa hiyo? Wachezaji waliokulia Johannesburg na maeneo yake, mji ulio kwenye mwinuko kama Nairobi. Wengi wa Afrika Kusini pia wamekua wakicheza kwenye nyasi za kikuyu, zile nene zinazong'ang'ania fimbo, ambazo hata jina lake limetoka Kenya. Ukirudi kwenye orodha ya mabingwa sita, wawili ni wa Afrika Kusini, nchi pekee iliyojirudia. Mwaka 2021 Nairobi iliandaa pia shindano la pili wiki iliyofuata, Kenya Savannah Classic, na bingwa akawa Daniel van Tonder, naye wa Afrika Kusini.

Hiyo haimaanishi uweke dau kwa kila mwenye bendera ya nchi hiyo. Kampuni nazo zinajua habari hizo na zinaweza kushusha odi zao mapema. Maana yake ni kwamba kabla ya kuangalia jina, unajiuliza: huyu ameshacheza kwenye mwinuko? Ameshacheza kwenye nyasi hizi? Mzungu mwenye nafasi ya juu kwenye viwango vya dunia, anayekuja Nairobi kwa mara ya kwanza na siku mbili za mazoezi, anaweza kuwa na odi ndogo kuliko anavyostahili.

USIMTAZAME MFUNGAJI, TAZAMA NAFASI

Shabiki wa mpira wa siku hizi anaijua hesabu ya mabao yanayotarajiwa. Timu ikifunga mabao matatu kwa mashuti matatu, mchambuzi anasema subiri, haitadumu. Gofu ina hesabu ya ndugu yake. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alipima mikwaju ya wachezaji mmoja mmoja na kuilinganisha na wastani wa wenzao. Alichokuta kiliwashangaza wengi: theluthi mbili hivi ya tofauti kati ya wachezaji bora na wa kawaida inatokana na mikwaju ya mbali. Kazi ya kwenye grini, ambayo kila mtu aliamini ndiyo inayoleta hela, ina mchango mdogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa anayebeti, tafsiri yake ni hii. Mchezaji aliyeshinda wiki iliyopita kwa sababu kila mpira aliousukuma kwenye grini ulizama ni sawa na straika anayefunga kwa kichwa cha bahati kila mechi. Odi yake imeshuka kwa sababu kila mtu amemwona kwenye habari, na wiki hii mipira hiyohiyo inaweza kuzunguka mdomo wa shimo na kutoka. Yule aliyemaliza wa 25, lakini mikwaju yake ya mbali inatua karibu na shimo siku zote nne, huyo ndiye anayetengeneza nafasi. Bado hajafunga tu.

SAA YA KUANZA NI SEHEMU YA MECHI

Simba na Yanga zinacheza chini ya mvua ileile. Kwenye gofu siyo hivyo. Alhamisi na Ijumaa wachezaji wanagawanywa makundi: wanaoanza asubuhi siku ya kwanza huanza mchana siku ya pili, na wengine kinyume chake. Upepo ukiamka Alhamisi mchana na kulala Ijumaa nzima, nusu ya wachezaji wamepigwa na upepo na nusu nyingine haijaugusa.

Anayekaa chini ya Uluguru haihitaji darasa kwa hilo. Kila mtu wa Moro anajua tofauti ya saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri ukiwa karibu na mlima. Anachotakiwa ni kukumbuka jambo hilo anapofungua simu: kabla ya kuweka dau, soma utabiri wa hali ya hewa wa mji husika na saa za kuanza za mchezaji wako. Vyote viwili hutoka kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, na havilipiwi hata shilingi.

'10 BORA' NA KILIO CHA MSHINDI

Kwa kuwa kumpata bingwa ni kazi, wajanja wanakimbilia masoko madogo: mchezaji kumaliza kwenye 10 bora, kupita mchujo wa Ijumaa, au kumshinda mchezaji mmoja aliyetajwa. Mawazo siyo mabaya. Kwenye mchujo, mashindano mengi ya DP World Tour na PGA Tour hubakiza 65 wa juu na waliolingana nao baada ya siku mbili, hivyo nafasi ni pana. Pambano la wawili nalo linafanana na mpira, kwani mpinzani ni mmoja.

Ila kuna sheria ndogo inayozua ugomvi kila wiki. Tuseme umeweka 3,000 mchezaji wako aingie 10 bora kwa odi 4. Anamaliza akiwa amelingana na wengine wawili kwenye nafasi ya 10. Shabiki anahesabu 12,000. Kwenye akaunti inaingia 4,000. Anapiga simu, anasema ameibiwa.

Hajaibiwa. Watu watatu wamegombea kiti kimoja, kwa hiyo dau lake limegawanywa kwa tatu: 1,000 tu ndiyo imeshinda, mara 4. Hiyo ni sheria ya kulingana, na imo kwenye masharti ambayo watu huyabonyeza bila kuyasoma. Gofu hulingana sana, hivyo sheria hii inakugusa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Nyingine ya kuangalia ni mchezaji kujitoa. Kwa kampuni nyingi, akijitoa kabla ya kupiga mpira wa kwanza unarudishiwa hela. Akishapiga hata mkwaju mmoja kisha akaumia mgongo, dau limekwenda.

ANAYEONGOZA JUMAPILI BADO HAJASHINDA

Kubeti mchezo ukiendelea ndiko kunakotafuna zaidi, kwa sababu macho yanaona uongozi na moyo unaona hela. Mpira umetufundisha kwamba timu inayoongoza 3-0 dakika ya 80 imemaliza kazi. Gofu ina makaburi ya watu walioamini hivyo.

Masters ya 1996, Greg Norman wa Australia aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju 6. Alimaliza akiwa amepoteza kwa mikwaju 5 mbele ya Nick Faldo wa Uingereza. The Open ya 1999 kule Carnoustie, Scotland, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akihitaji mikwaju 6 tu kuwa bingwa, kwenye shimo ambalo kiwango chake ni 4. Akapiga 7, akiwa amefika hadi kuvua viatu na kuingia kwenye mtaro wa maji. Mashimo ya ziada yakampa kombe Paul Lawrie, mtu aliyeanza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju 10.

Upande wa pili, Masters ya Aprili 2025. Alhamisi jioni Rory McIlroy alikuwa nyuma ya Justin Rose kwa mikwaju 7 baada ya kuvuruga mashimo mawili ya mwishomwisho. Mikeka mingi yenye jina lake ilionekana karatasi ya kufungia vitumbua. Jumapili alimshinda Rose huyohuyo kwenye shimo la kwanza la ziada.

Siku nne ni ndefu. Anayekimbilia kununua odi ndogo ya kinara siku ya Ijumaa analipa bei ya mechi iliyokwisha kwa mechi iliyofika mapumziko.

KWA NINI MORO HAIPO KWENYE SIMU

Shabiki makini atauliza: kama Gymkhana ni darasa zuri hivyo, mbona mashindano yake hayaonekani kwenye orodha ya kubeti? Jibu ni kwamba kampuni zinahitaji takwimu za kila mkwaju, wachezaji wengi wanaofahamika na usimamizi unaozuia ujanja. Mashindano ya nyumbani bado hayana vitu vyote hivyo. Na kwa sasa ni heri yasiwepo kwenye orodha.

Fikiria mazingira. Wachezaji wachache wanaojuana kwa majina. Wengi wa wachezaji wa kulipwa nchini walianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za watu, wakajifunza kwa kutazama, na zawadi wanazogombea nyumbani haziwezi kusimama karibu na mamilioni ya dola ya ziara za Ulaya na Marekani. Kila anayebeba fimbo anajua nani anaumwa kiwiko, nani hajalala, nani amegombana na mfadhili. Ukiweka soko la kubeti hapo, anayeweka dau na anayejua siri wanaweza kuwa mtu mmoja. Na gofu haina refa wa kukufuata kila shimo. Mwenzako anaandika kadi yako, wewe unasaini, na uaminifu ndio VAR yenyewe.

Mwaka 1968 Roberto De Vicenzo wa Argentina alisaini kadi ya Masters iliyokuwa imemwongezea mkwaju mmoja kimakosa. Kila mtu alikuwa ameona amepiga 3 kwenye shimo la 17, kadi ilisema 4. Sheria ikabaki na kadi, akakosa nafasi ya kugombea kombe na Bob Goalby. Mchezo unaojihukumu kwa saini ya namna hiyo haustahili kutiwa hela za vijiweni kabla haujajengewa ukuta.

Kwa hiyo ikitokea mtu pembeni ya kiwanja anakusanya dau za mkononi kuhusu nani atashinda Gymkhana, shabiki ajue mambo mawili. Kwanza, michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mkusanyaji asiye na leseni yake hana pa kukushitakia ukidhulumiwa. Pili, huyo anayepokea hela yako huenda anajua asichokuambia.

HESABU YA KABLA YA ALHAMISI

Kwa aliyefikisha miaka 18 na ameamua kuweka dau kwenye shindano lijalo, liwe Kenya Open au The Open, kazi ipo hivi. Geuza odi kuwa asilimia, ujiulize kama unaiamini. Soma kiwanja: mwinuko, nyasi, upepo. Angalia mikwaju ya mbali ya mchezaji kwa wiki kadhaa, siyo kombe la wiki jana peke yake. Angalia saa zake za kuanza. Soma sheria ya kulingana na ya kujitoa. Kisha cheza dau moja linalojitegemea, bila kulifunga na mechi nyingine, na liwe hela ambayo ikipotea nyumbani hakuna atakayelala njaa.

Ukifanya yote hayo bado utakosa mara nyingi. Huo ndio mchezo wenyewe, na bei ya odi 40 inakuambia hivyo waziwazi kama uko tayari kuisikia. Anayetafuta uhakika wa odi 1.25 asiutafute kwenye gofu, hayupo wa kumuuzia.

Na wiki ambayo wachezaji wa kulipwa watarudi Gymkhana, buku mbili ya mkeka itatosha nauli ya daladala kutoka Kihonda. Omba ruhusa getini, simama kimya nyuma ya grini, tazama mpira unavyoukimbia mlima. Utamwona kijana wa Kitanzania akipoteza mkwaju mmoja mahali ambapo macho yake yalimwambia ardhi ni tambarare, na utaelewa kwa nini mkeka wa Jumapili ulichanika.